Nimepata nafasi Kigali na Arusha, mzee anataka nikafundishe. Niende wapi kusoma hesabu?

Shikamoo Anti. Naomba usinitaje jina, mi ni msichana wa miaka 25 niko Mwanza, safu yako nimeanza kuisoma toka niko chuo.

Ishu yangu iko hivi. Nilimaliza digrii ya ualimu wa Hisabati na Fizikia, GPA 4.1, toka hapo najitolea sekondari moja ya kata huku kwetu, wananipa hela ya nauli basi. Mwishoni mwa mwaka jana rafiki yangu akanitumia tangazo la AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, nikaomba tu bila kutegemea, mwezi uliopita wakanijibu nimechaguliwa kituo chao cha Rwanda, pale Kigali, masta ya sayansi za hisabati, miezi kumi, ada malazi chakula na nauli wanatoa wao. Nililia Anti. Sasa bado nashangilia, chuo cha Nelson Mandela cha Arusha nao wakajibu nimekubaliwa. Kule ni miaka miwili, na kuna mhadhiri ana mradi wa modeli za hisabati za malaria, anasema anaweza kunilipia ada na hela kidogo ya kujikimu kama utafiti wangu nitaufanyia kwenye mradi wake.

Hapo ndo kichwa kinauma. Mi kiukweli napenda hesabu zenyewe, zile za kuthibitisha, namba tasa na mambo kama hayo, chuo kozi pekee niliyokuwa nakesha nayo kwa raha zangu ilikuwa riali analisisi. Lakini fizikia pia naipenda, na siku hizi kila mtu anaongelea data na AI naona kama nitaachwa nyuma. Ya malaria sijui kama ni hesabu kweli au ni mambo ya afya tu yamewekewa ekwesheni.

Nyumbani nako. Mzee ni mwalimu mstaafu, anasema acha hizo, omba ajira serikalini ufundishe, una wadogo zako watatu. Mama anauza dagaa, yeye ananiambia mwanangu fanya moyo unachotaka lakini namuona anavyochoka. Baba mdogo ndo kabisa, anasema "chuo gani hicho hakina hata digrii ya kwanza, ingekuwa Mlimani ningeelewa".

Mwisho wa mwezi natakiwa niwe nimejibu kote kuwili. Niende wapi? Mzee nimwambieje? Na je nitaweza, maana sijawahi kuandika programu ya kompyuta hata moja, hata laptopu sina. Nisaidie Anti.

Msomaji wako, Mwanza

---

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mtu anajitolea sekondari ya kata kwa hela ya nauli halafu anapata nafasi sehemu mbili za namna hiyo, hilo sio jambo dogo na usikubali mtu alifanye dogo.

Ngoja nianze na baba yako mdogo kwa sababu hoja yake ni rahisi, na wazazi wengi wanayo. Chuo kutokuwa na digrii ya kwanza sio upungufu, vyuo hivi vilianzishwa hivyo makusudi. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi wa digrii ya kwanza mhadhiri wake wiki nzima yuko kwenye madarasa makubwa na marundo ya kusahihisha, utafiti anaufanya usiku akipata nguvu. Taasisi ya utafiti inachukua watu wachache ili mwanafunzi na mwalimu wakae kwenye tatizo moja kwa muda mrefu. Nelson Mandela pale Tengeru ilianza kupokea wanafunzi 2011, masta na PhD, na sio chuo kisicho na jina. Dr Askwar Hilonga alikuwa anafundisha pale aliposhinda ile tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo, kwa kichujio chake cha maji kinachotumia mchanga na chembechembe za nano. Na tatizo lenyewe analijua kila mtu wa Arusha, maji ya upande wa Meru yana floraidi nyingi, unaona meno ya watu yamekuwa ya kahawia. Mwambie baba mdogo hiyo.

AIMS nayo ilianzia Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003, mwanzilishi wake ni Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini. Baadae wakafungua Senegal 2011, Ghana 2012, Cameroon 2013, hata sisi tuliwahi kuwa na kituo Bagamoyo toka 2014, bahati mbaya hakikudumu, na Rwanda wakaanza 2016. Kwa hiyo kote kuwili ni mahali pa kueleweka, hutapeliwi.

Sasa tuje kwenye chaguo lenyewe, na hapa naomba usome taratibu maana watu wengi wanalinganisha vitu ambavyo havilingani. Wanaangalia kipi kina jina zaidi, kipi kina hela zaidi, kipi ni nje ya nchi. Mimi nataka uangalie kitu kimoja: una swali lako la utafiti tayari au bado unalitafuta? Kwa sababu Arusha unaenda kukaa na swali moja miaka miwili, Kigali unaenda kukutana na maswali mengi ndani ya mwaka usiotimia.

Kigali itakuwa hivi. Mwanzoni wanawapitisha kwenye stadi za msingi, kuandika programu, kuandika hesabu kwa LaTeX, ile programu ya kuchapia ekwesheni, kutatua maswali yasiyo na njia ya kukariri. Halafu zinakuja kozi zenyewe, mhadhiri anatoka nchi nyingine, anafundisha kozi yake wiki tatu, anaondoka anakuja mwingine. Leo ni nadharia ya namba, ukimaliza unaingia takwimu, ukitoka hapo fizikia ya kwanta au modeli za magonjwa, unachagua kwenye zile zilizopo. Wanafunzi wanatoka Afrika nzima, mnaishi pamoja, mwalimu mnakula nae meza moja, na kuna tyuta wanaokaa hapohapo kwa hiyo saa nne usiku ukikwama kuna mtu wa kumuuliza. Mwishoni unafanya mradi wa utafiti chini ya msimamizi. Kwa mtu aliyetoka kwenye digrii ya ualimu, ambapo nusu ya muda ulikuwa saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia, huo mwaka unaziba mapengo mengi sana ambayo pengine hujui hata kama unayo.

Ubaya wake nao nikwambie. Wiki tatu ni fupi mno, kozi ikikupita imekupita, ukiumwa wiki moja umekosa theluthi. Na ule mradi wa mwisho ni mfupi, unakuonjesha utafiti, haukufanyi mtafiti. Wapo wanaomaliza wakiwa wamegusa kila kitu na hawajazama popote, miezi inayofuata wanabaki wanaomba PhD huku na huku bila kujua wanaomba ya nini. Usiwe mmoja wao, ikifika katikati ya mwaka anza kupunguza, baki na eneo moja na walimu wawili wa eneo hilo wanaokujua kwa jina na kwa kazi yako, maana hao ndio watakaokuandikia barua.

Sasa malaria. Umeuliza kama ni hesabu kweli na nimefurahi umeuliza, maana ningekuona umekubali tu kwa sababu ya hela ningesikitika.

Ni hesabu, tena ya muda mrefu. Ronald Ross alipata Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha mbu ndiye anayebeba malaria, lakini kazi yake ninayoipenda mimi ni iliyofuata, alikaa akaandika ekwesheni, akaonyesha kwamba huhitaji kuua mbu wote, ukiwashusha chini ya kiwango fulani ugonjwa unaisha wenyewe. Wakati huo watu walikuwa wanasema mbu hawawezi kwisha kwa hiyo haina maana kuhangaika nao, yeye akawajibu kwa hesabu. Miaka ya 1950 George Macdonald akaendeleza, akaona kitu ambacho kwa macho huwezi kukiona: kinachotesa zaidi sio wingi wa mbu bali ni umri wa mbu. Kimelea kikiingia kwenye mbu kinahitaji kama siku kumi hivi, kutegemea joto, kabla mbu hajaweza kukuambukiza, kwa hiyo mbu anayekufa mapema hana madhara. Chukua kalkuleta. Kama kila siku mbu 90 kwa 100 wanapona, baada ya siku kumi wanaobaki ni 0.9 kipeo cha 10, ambayo ni kama 35 kwa 100. Sasa dawa iliyopo kwenye chandarua ikiwapunguza kidogo tu, wakapona 80 kwa 100 kila siku, baada ya siku kumi wanabaki kama 11. Umeshusha kidogo kwa siku, kule mwisho umeondoa zaidi ya theluthi mbili ya mbu hatari. Hiyo ni hesabu ya kidato cha pili lakini imebeba uzito mkubwa kuhusu kwa nini tunalala kwenye vyandarua vyenye dawa.

Kwa hiyo eneo lenyewe ni zuri na kwa Mtanzania lina maana. Wasiwasi wangu uko kwingine. Kuna masta nyingi sana za modeli za magonjwa zinazofanana, mtu anachukua modeli ya Kermack na McKendrick ya 1927, ile ya wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona, anaongeza kundi moja, waliopata elimu ya afya labda, anathibitisha kwamba modeli mwishowe inatulia, anachora grafu kwa namba alizozikuta kwenye paper ya mtu mwingine, imeisha. Hakuna daktari wa wilaya atakayeitumia, na kwa upande wa hesabu haina jipya. Miaka miwili ya ujana wako ni mingi mno kwa kazi kama hiyo.

Kwa hiyo kabla hujakataa au kukubali Arusha muulize yule mhadhiri, kwa heshima, mambo haya. Swali la mradi ni lipi, alieleze kwa sentensi mbili ambazo mama yako anaweza kuzielewa. Data inatoka wapi, na je tayari anayo mkononi au bado inaombewa kibali. Hela ya ada iko kwenye akaunti ya mradi au inategemewa, na mradi unaisha mwaka gani, maana kuna watu wameachwa mwaka wa pili bila ada kwa sababu mradi uliisha. Wanafunzi wake waliopita wako wapi, na akupe namba ya mmojawapo umpigie. Uliza pia kama kuna sharti la kuchapisha paper kabla ya kumaliza, na kama lipo wanafunzi wake kwa kawaida linawachukua muda gani. Msimamizi mzuri hatakasirika kwa maswali haya, atafurahi, na akikasirika basi amekusaidia kuamua.

Majibu yake yakiwa mazito, yaani swali lipo, data ipo, wanafunzi wake wamefika mahali, basi Arusha ni nafasi nzuri na sitakulaumu ukiichukua. Lakini kwa jinsi barua yako ilivyo mimi nakwambia nenda Kigali. Kwenye aya moja umenitajia namba tasa, fizikia, data na AI. Hilo sio kosa, una miaka 25 na hakuna aliyewahi kukuonyesha hayo mambo kwa kina, utachaguaje? Lakini mtu wa hali hiyo ukimfungia kwenye swali la mtu mwingine miaka miwili, mwaka wa kwanza anavumilia, wa pili anachukia mpaka hesabu zenyewe. Nenda ukazione zote kwanza. Na malaria haitakimbia, modeli za magonjwa utazikuta Kigali vilevile, ukizipenda utarudi Tengeru kwa PhD ukiwa unajua unachotafuta, na huyo mhadhiri utakuwa mtu wa kukaa nae mezani mkajadiliana.

Tena ukiwa Kigali, kwa upande wa fizikia mji huohuo kuna taasisi ya EAIFR, ipo Chuo Kikuu cha Rwanda toka 2018, ni washirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964 ili watu wa nchi kama zetu wasikatwe na sayansi ya dunia. ICTP wana Diploma ya mwaka mmoja, hesabu ipo na fizikia ipo, wanachukua vijana wa nchi zinazoendelea na wanawafadhili, ni hatua nzuri sana kabla ya PhD. Na ukigundua moyo uko kwenye hesabu tupu, Afrika Mashariki kuna mtandao wa EAUMP unaounganisha idara za hesabu za Mlimani, Nairobi, Makerere, Rwanda na Zambia, wamesaidiwa miaka mingi na watu wa Chuo Kikuu cha Uppsala kule Sweden, huwa wanaandaa shule fupi za hesabu, ombea hizo kila zinapotangazwa.

Sasa kuna kitu kimoja cha kiofisi watu hawakiangalii mpaka wameumia. Ukitaka siku moja kufundisha chuo cha umma hapa kwetu wanaangalia GPA, digrii ya kwanza 3.8 na masta 4.0. Ya kwanza unayo. Kabla hujasaini waandikie AIMS waulize cheti kinasainiwa na nani, transkripti inaandikwa kwa mfumo gani wa alama, na ikiwezekana wakupe barua ya kuufafanua. Cheti cha nje kitatakiwa kutambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo mambo hayo yaulize leo ukiwa umetulia, sio siku ya usaili. Na ile "wanatoa kila kitu" isome mstari kwa mstari, bima ya afya je, nauli ya kurudi je, hela ya matumizi madogo je.

Mzee wako sasa. Usiende kwake na maneno ya ndoto zangu na kipaji changu, yeye ni mwalimu, ana wadogo zako watatu kichwani, anaogopa njaa. Nenda na hesabu. Kwa sasa nyumbani huingizi kitu, ni hela ya nauli, kwa hiyo ukiondoka miezi kumi nyumba haipotezi mshahara wowote na inapunguza mdomo mmoja. Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida yanataka umri usiozidi miaka 45, wewe una 25, na walimu wa hisabati na fizikia bado wanatafutwa, ule mlango utaukuta wazi. Ajira zikitangazwa kabla hujaondoka omba, mwonyeshe kabisa umeomba, ikitoka mtakaa mzungumze upya. Akisema Kigali ni mbali mwambie toka Mwanza kupita Kahama na Rusumo ni karibu kuliko Dar. Lakini usimuahidi kwamba utakuwa unatuma hela, hutaweza, na mama yako umwambie hilo yeye mwenyewe uso kwa uso ili asije akawa anasubiri.

Kuhusu kompyuta, wanafunzi wengi wanaingia AIMS hawajawahi kuandika programu na ndio maana wanaanza na hiyo stadi. Ila una miezi kadhaa, itumie. Omba mkuu wa shule akuruhusu maabara ya kompyuta baada ya vipindi, kama ipo, kama hakuna kuna programu za kuandikia Python, lugha rahisi ya kompyuta, hata kwenye simu. Kazi ya kwanza iwe ni ile hesabu ya mbu, weka kiwango cha kupona kwa siku, weka siku kumi, ione namba inavyoshuka, halafu badilisha kiwango. Ya pili ihesabu namba tasa zote chini ya 1,000, zipo 168, usipopata 168 kuna mahali umekosea, tafuta mwenyewe kabla hujamuuliza mtu. Ukishaweza nenda hadi 10,000, zipo 1,229, na hapo utaanza kuona programu inachelewa na utajiuliza kwa nini, na hilo swali ni zuri kuliko mengi utakayofundishwa. Laptopu usikopee kwa riba, waulize AIMS kwanza kama wanafunzi wanatumia kompyuta za maabara yao.

Arusha nao usiwapotezee, nimeona vijana wanapata nafasi mbili halafu moja wanainyamazia kabisa, hiyo sio tabia nzuri na hawa watu wanajuana. Maswali ya mhadhiri tuma wiki hii, mpe siku za kujibu. Ukishaamua Kigali mwandikie yeye binafsi, umshukuru, umueleze kwamba unataka kwanza msingi mpana wa hesabu, na umuulize kama mwaka ujao atakuwa bado anachukua wanafunzi. Ofisi ya udahili waandikie barua tofauti uulize kama wanaruhusu kuahirisha. Na Kigali waambie ndio kabla ya tarehe yao, usisubiri siku ya mwisho, intaneti ya huko kwenu unaijua.